Mizani ya Amani na Uhuru: Darsa Kutoka Turkana

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila mwenye kufuata uwongofu wao mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya hayo. Mmoja katika wenye kuhudhuria darsa yetu aliuliza masala ambayo hayakuweza kujibiwa kwa maneno mawili, nasi tukaahidi kuyaandika. Aliuliza hivi: "Mtu akiambiwa, Toa uhuru wako upewe amani, je, yamfalia kukubali? Na akikataa, huwa amejitia mwenyewe katika maangamizi, jambo ambalo Mwenyezi Mungu amelikataza, au huwa amehifadhi utukufu aliopewa na Mola wake?"

Masala haya ni mazito, wala si ya vitabuni peke yake. Hapana nyumba ya mjini isiyoyajua kwa namna yake. Mama amzuia bintiye kutoka kwa kukhofia macho ya watu. Kijana akubali kwenda kutumika Arabuni, na pasi yake ya safari ikashikwa na bwana wake, kwa kuwa ataka kusalimika na ufukara. Na pengine mtu huchukuliwa usiku, jamaa zake wasijue alipo, na wakiuliza huambiwa kuwa ni kwa ajili ya usalama wa nchi. Katika kila jambo la hayo pana mizani: upande mmoja imetiwa amani na upande wa pili umetiwa uhuru. Basi kabla ya kuuliza upande upi ni mzito, yatupasa kuuliza ni nani aliyeishika mizani, na ni nani atakayelipa kilichopimwa.

AMANI NI YA NINI?

Katika Sura ya Kureshi, Mwenyezi Mungu awakumbusha watu wa Makka neema zake juu yao. Awatajia misafara yao miwili, wa kusi na wa kaskazi kama tungalivyosema sisi watu wa pwani, yaani wa baridi na wa joto. Kisha awatajia kuwa amewalisha wasife njaa na amewapa amani wasiwe na khofu. Zingatia, ndugu msomaji, jinsi safari na amani zilivyokusanywa pahali pamoja. Makureshi hawakupewa amani ili wakae ndani ya nyumba zao wakiangaliana. Walipewa amani ili waende Yemen na Sham, wauze na wanunue, warudi na rizki, kisha wamuabudu Bwana wa Nyumba ile. Amani ni kama ukuta wa kisima: wajengwa ili watu wateke maji pasi na kuanguka. Ukijengwa hata mtu asiweze kuyafikia maji, umekuwa ni kaburi la kisima.

Lakini tusije tukadhani kuwa kujihifadhi ni udhaifu wa imani. Bedui aliyemuuliza Bwana Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mungu, aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Na Seyyidna Umar (R.A.), alipokuwa njiani kwenda Sham katika mwaka wa 18 wa Hijra na akapata khabari ya tauni, alishauriana na Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, ndipo akakata shauri kurudi. Abu Ubaida (R.A.) alipomwambia kuwa huko ni kuikimbia kadari ya Mungu, Umar alijibu kuwa waikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Akapiga mfano wa mchungaji aliyeteremsha ngamia zake katika bonde lenye kando mbili, moja ina majani na moja ni kavu: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari ya Mungu.

Mfano huu wa mchungaji watuongoza moja kwa moja mpaka nchi ya wachungaji, kaskazini mwa Kenya. Huenda msomaji akastaajabu kuwa twamtoa pwani yake tukampeleka Turkana, nchi ya jua na changarawe, ambayo wengi wetu twaijua kwa kusikia tu. Lakini katika nchi ile moja pana mahali patatu, Ghuba ya Ferguson, Lodwar na Kakuma, na kila pamoja pana mizani ya namna yake. Mwenye kuyaangalia matatu hayo kwa jicho la mazingatio amepata darsa nzima.

MIZANI YA KWANZA: GHUBA YA FERGUSON

Ghuba ya Ferguson i katika ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, lile lililokuwa likiitwa Ziwa Rudolf, karibu na mji mdogo wa Kalokol, kaskazini-mashariki ya Lodwar. Mturkana kwa asili yake ni mfugaji. Mbuzi wake, ngamia wake na punda wake ndio hazina yake, na uhuru wake ni kuhama: mvua inyeshapo huiendea. Lakini uhuru huo una khatari zake. Kuna ukame, kuna maradhi ya mifugo, na kuna wezi wa mifugo wenye silaha. Mwenye kundi jana huamka leo hana hata mbuzi mmoja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya ukame na njaa, wengi walioishiwa na mifugo walikusanywa penye ghuba hiyo wakapewa chakula, wakafundishwa kuvua kwa nyavu. Samaki walikuwa tele, ngege na sangara. Baadaye serikali ya Norway ikasaidia kwa fedha nyingi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikajengwa Kalokol kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki kwa baridi. Watu wakaona kuwa sasa wamepata amani: mfugaji hungoja mvua, bali mvuvi ana ziwa mbele ya mlango wake.

Haukupita muda ila Mwenyezi Mungu akaonyesha kudra yake. Gharama ya kukiendesha kiwanda ilishinda faida ya samaki, na mitambo ikanyamaza. Na katikati ya miaka ya 1980 maji ya ziwa yalirudi nyuma, na ghuba yenyewe ikakauka. Aliyekuwa ameacha kuhama kwa kuwa ana ghuba, akawa hana mifugo ya kuhama nayo wala ghuba ya kuvua. Baada ya miaka maji yalirejea, na katika miaka hii ya karibu ziwa limefura likaingia hata katika makazi ya watu.

Je, tuwalaumu watu wale kwa kuuchagua uvuvi? Hasha. Mwenye njaa aliyekwenda kwenye samaki amefanya kama mchungaji wa Seyyidna Umar, ameiacha kando kavu akaiendea kando yenye majani. Na wengi wao hawakuukata uzi wa ufugaji: mtu akipata fedha za samaki hununua mbuzi, akawaweka kwa nduguye aliyeko malishoni, ili siku ziwa litakapomkana awe na pa kurudi. Hiyo ndiyo hekima ya mizani ya kwanza. Mtu aruhusiwa kuupunguza uhuru wake kwa khiari yake, akitafuta usalama wa nafsi yake na wanawe, maadamu aujua upande anaoutoa na hakujifungia mlango wa kurudi. Kijana wetu aendaye Arabuni na alijue hili. Si haramu kutumika, lakini asitie mkono wake katika mkataba asioufahamu, wala asitoke kwao pasi na kuacha kitu na mtu wa kumpokea siku ya kurudi.

MIZANI YA PILI: LODWAR

Hapo juu mtu aliishika mizani yake mwenyewe. Sasa tumwangalie yule ambaye mizani yake imeshikwa na mwengine.

Jomo Kenyatta alikamatwa mwezi wa Oktoba 1952, na tarehe 8 Aprili 1953 yeye na wenzake watano, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko, walihukumiwa Kapenguria miaka saba ya kifungo na kazi ngumu. Kenyatta alipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa ya Turkana. Mwaka 1959 muda wa kifungo chake ulikwisha. Je, aliachwa akenda kwao? La. Alihamishwa hadi Lodwar, akakatazwa kutoka, kwa hoja kuwa kuachwa kwake ni khatari kwa usalama wa nchi. Mwezi wa Januari 1960 serikali ya kikoloni yenyewe ilitangaza kuwa hali ya hatari imekwisha nchini, na bado mzee yule alizuiliwa Lodwar, kisha Maralal, mpaka Agosti 1961.

Wanazuoni wetu wa fikihi wana kanuni isemayo, kwa maana yake, kuwa lililohalalishwa na dharura hupimwa kwa kadiri ya dharura hiyo, na dharura ikiondoka ruhusa nayo huondoka. Mwenye kufa kwa njaa aruhusiwa kula nyamafu kadiri ya kuokoa roho yake, haruhusiwi kujaza kapu akapeleka nyumbani. Basi serikali ile ilikuwa imejaza kapu. Dharura ilikuwa imekwisha kwa ulimi wake wenyewe, lakini kifungo hakikwisha.

Lakini lililo chungu zaidi ni lililofuata. Uhuru ulipatikana mwaka 1963, na aliyekuwa mfungwa akawa ndiye mtawala. Mwaka 1966 serikali yake ikajipatia tena mamlaka ya kumweka mtu kizuizini pasi na hukumu ya mahakama, kwa jina lile lile la usalama wa umma. Na Achieng Oneko, ambaye zamani hata alipofutiwa hukumu yake katika rufani wakoloni waliendelea kumzuilia, alikamatwa mwaka 1969 na serikali ya mwenziwe wa Kapenguria, akakaa kizuizini mpaka mwaka 1975. Mamlaka hayo hayakuondolewa katika sheria mpaka mwaka 1997.

Zingatieni, ndugu zangu. Aliyeonja Lodwar kwa ulimi wake aliwaonjesha wenziwe. Hili latufundisha kuwa ubaya wa mizani hii haukuwa katika rangi ya aliyeishika. Ubaya ulikuwa katika kuwa mwenye kupima hakuwa ndiye mwenye kulipa. Mtawala ndiye aliyepata usingizi wa salama, na uhuru uliotolewa ulikuwa wa mtu mwengine. Mauzo ya namna hii hupendeza kila mara kwa mnunuzi, kwa kuwa bei hulipwa na jirani.

MIZANI YA TATU: KAKUMA

Kutoka Lodwar ukishika njia ya Lokichoggio utafika Kakuma. Hapo mwaka 1992 walifika maelfu ya vijana wa Sudan ya Kusini waliokuwa wametembea kwa miguu wakikimbia vita, na ikaanzishwa kambi. Wakafuata Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengineo. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyoanzishwa karibu nayo, Kakuma ina watu wapatao laki tatu. Na miongoni mwa waliopelekwa huko walikuwamo watu tuliowajua. Kambi za wakimbizi za pwani zilipofungwa katika miaka ya 1990, wamo waliotoka Mombasa kwenda Kakuma, na katika hao wamo ndugu zetu wa Barawa, wasemao Chimini, lugha iliyo ndugu ya Kiswahili chetu, waliokuwa wakisali nasi katika misikiti yetu.

Haki na isemwe: Kakuma imeokoa roho. Mwenye kukimbia risasi akapewa maji, chakula na dawa, amepewa jambo kubwa, na nchi ya Kenya ina sifa yake kwa hilo. Lakini amani ile ina sharti. Mkimbizi hana ruhusa ya kutoka kambini kwa kupenda kwake. Ataka cheti cha safari, na cheti hutolewa kwa sababu maalumu na kwa muda maalumu. Akikutwa njiani hana cheti, hukamatwa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 ilifanya kukaa nje ya mahali palipowekwa pasi na idhini kuwa ni kosa. Sheria mpya ya mwaka 2021 imeelekea katika kuwapa nafasi ya kufanya kazi, na mwezi wa Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, wenye nia ya kuzigeuza kambi kuwa makazi ya wakimbizi na wenyeji pamoja. Twaomba ukamilike kwa kheri. Lakini mtoto aliyezaliwa Kakuma mwaka 1992 sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, na ulimwengu wake bado wapimwa kwa cheti.

Sisi watu wa Mombasa tulionjeshwa tone la jambo hili. Mwezi wa Mei 2020, ndani ya Ramadhani, Mji wa Kale ulifungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, mtu asitoke wala asiingie. Idi ilitukuta humo, na haukufunguliwa mpaka Juni. Kuzuia watu kwa ajili ya maradhi kuna asili katika dini, kwani Bwana Mtume (S.A.W.) amekataza kuingia katika nchi yenye tauni na kutoka humo kwa kuikimbia. Na juu ya asili hiyo, jinsi gani vifua vilivyodhikika! Mwezi mmoja ulitosha kumfanya mtu aliye nyumbani kwake, penye jamaa zake, kusema kuwa yu kifungoni. Basi ikiwa mwezi mmoja ulitulemea, miaka thelathini na zaidi tuipime kwa mizani gani?

Na tazama udhaifu wa amani iliyo mkononi mwa mwengine. Mkimbizi aliyekatazwa kutoka kutafuta kazi hula posho, na posho hutoka kwa wafadhili wa mbali. Mwaka 2025 fedha za wafadhili zilipungua na posho ya Kakuma ikakatwa sana. Hapo mtu alikuwa ameutoa uhuru wake akapewa chakula. Chakula kikapungua, na uhuru haukurudishwa.

Mfano bora wa hifadhi tunao katika sira. Waislamu wa kwanza walipoteswa Makka, Bwana Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza Habasha, kwa Najashi, mfalme asiyedhulumiwa mtu mbele yake. Makureshi wakapeleka wajumbe na zawadi wakitaka warudishwe. Najashi hakuwatoa kwa zawadi wala hakuwahukumu kwa maneno ya maadui zao. Aliwaita, akamsikiliza Jaafar bin Abi Talib (R.A.), kisha akawaambia wakae katika nchi yake kwa salama. Aliyewapa amani hakuwanyang'anya heshima. Hiyo ndiyo mizani ya tatu inapokuwa sawa.

HUKUMU YA MASALA

Baada ya kuyaona hayo, jawabu letu ni hili. Mtu kujizuilia mwenyewe baadhi ya uhuru wake ili asalimike ni jambo la akili, na mara nyengine huwa ni wajibu. Ama kumzuilia mwengine, haijuzu ila kwa masharti manne. Kwanza, khatari iwe ya yakini au dhana yenye nguvu, si tuhuma. Pili, azuiliwe yule mwenye khatari, wasichukuliwe kabila zima au dini nzima kwa kosa la mmoja. Tatu, kizuizi kiwe kwa kadiri ya khatari na kiwe na mwisho unaojulikana. Nne, mwenye kuzuiliwa asikilizwe mbele ya kadhi au jaji asiyekuwa mshitaki wake.

Hatusemi kuwa khatari ni za kubuni. Westgate mwaka 2013, Mpeketoni mwaka 2014, na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015 walikouawa watu 148, hayo ni mauaji ya dhulma, na mwenye kuyapuuza hana insafu. Serikali isiyolinda raia wake imekhini amana. Lakini mwezi wa Aprili 2014, katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikusanywa mitaani Nairobi, wengine wakawekwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani, na wengine wakapelekwa Kakuma na Dadaab. Hapo sharti la pili lilikanyagwa mchana kweupe.

Na hapa, ndugu zangu, natujihukumu wenyewe. Kijana wetu wa pwani anapotoweka twalia, na ni haki yetu kulia. Lakini Wasomali walipokusanywa mwaka ule, wangapi miongoni mwetu walisema, "Waacheni wapelekwe, sisi tupate raha"? Maneno hayo ndiyo mizani ya Lodwar ndani ya vinywa vyetu: amani yetu, bei kwa jirani. Waliosimama mahakamani walikuwa wengine. Mwezi wa Julai 2013 Jaji David Majanja alibatilisha amri ya kuwahamishia kambini wakimbizi wote wa mijini, katika mashitaka yaliyoletwa na Kituo cha Sheria. Na mwezi wa Februari 2015 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu vinane vya sheria ya usalama ya mwaka 2014, kimojawapo kikiwa kile kilichotaka wakimbizi nchini wasizidi 150,000. Kufutwa kwa vifungu vyengine katika hivyo vinane kulikuwa ni kinga yetu sisi. Ukuta uliojengwa kumlinda mgeni ndio ulioizuia nyumba yetu isianguke.

Na tuirudishe mizani mpaka majumbani. Baba na mama wana haki ya kuwalinda watoto wao. Lakini binti aliyezuiwa asisome kwa khofu tu, isiyo na dalili wala mwisho, naye hakupata kusikilizwa, masharti manne yote yamekosekana juu yake. Mlinde njiani, mchagulie chuo chema, ujue rafiki zake. Usimfanyie chumba chake kuwa Kakuma.

Hatimaye tukumbuke kuwa pana uhuru ambao hauuzwi hata kwa amani yote ya dunia, nao ni uhuru wa moyo kumtii Mola wake. Nabii Yusuf (A.S.) aliwekwa baina ya raha ya nyumba ya mkubwa wa Misri pamoja na maasi, na kifungo pamoja na utiifu, akachagua kifungo. Mwili wake uliingia gerezani, na nafsi yake ikabaki huru. Naye alipopewa mamlaka, alijua uchungu wa kifungo na hakuwafunga nduguze waliomdhulumu. Aliwasamehe, akawapa chakula, akawaambia waingie Misri kwa amani. Huyo ndiye aliyeonja kifungo na asimwonjeshe mwenziwe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA DARSA

1. Mvuvi wa Ghuba ya Ferguson hununua mbuzi kwa fedha za samaki. Je, wewe unayetegemea mlango mmoja wa rizki umeacha wapi mlango wa kurudi?

2. Ni kizuizi kipi katika nyumba yako ambacho sababu yake imekwisha na chenyewe hakijaondolewa?

3. Mara ya mwisho ulipofurahia kupata amani mtaani kwako, ni nani aliyelipa bei yake?

Twamuomba Mwenyezi Mungu awape faraja wote waliozuiliwa kwa dhulma, awarudishe wakimbizi katika nchi zao kwa salama au awape nchi watakayoishi kwa heshima, na atujaalie sisi kuwa wenye kupima kwa haki, tunapojipimia na tunapowapimia wenzetu. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.